Tukutuku la Mjomba Kombo

Juzi jirani yangu alipasha moto mafuta ya mbarika kwa ajili ya mjukuu wake aliyekuwa akiumwa tumbo, na harufu ikapenya hadi chumbani kwangu. Nilikuwa nimejilaza. Nikajikuta nimekaa kitako, mikono imeshika ukingo wa kitanda kama mtu anayengoja habari. Nilichukua muda kujua ni habari gani. Wenzangu wa rika langu, ambao mafuta hayo tulinyweshwa kwa kijiko huku tumebanwa pua, watadhani nazungumzia dawa. Mimi harufu ile ilinirudisha Kirongwe, kwenye ua wa nyuma wa nyumba yetu, kwa Mjomba Kombo na tukutuku lake.

Tukutuku ndilo jina tulilokuwa nalo. Pikipiki ni neno la baadaye. Vita vya Wadachi na Waingereza vilikuwa vimeshapita kisiwani kwetu na kuhamia bara, na Mzungu mmoja mwenye mashamba ya minazi alikuwa amechukuliwa na kupelekwa nisikojua. Tukutuku lake lilikutwa ghalani, limefunikwa makumbi ya nazi, likafanywa mali ya boma la Kilindoni. Mjomba Kombo, kaka yake mama, ndio kwanza alikuwa amerudi kutoka Unguja, alikofanya kazi katika karakana. Boma likamkabidhi chombo kile awe anapeleka barua na dawa katika vijiji vya kaskazini. Kwa kuwa njia yake iliishia kwetu, alilala kwetu, katika chumba cha uani. Mafuta ya injini yalikuwa adimu kwa sababu ya vita, basi mama alimkamulia mbarika. Ndiyo maana tukutuku lilipokuwa likiwaka, ua mzima ulinuka kama nyumba yenye mtoto mgonjwa.

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, Mjomba alichuchumaa kando ya chombo chake akakipapasa kuanzia mbele hadi nyuma. Aliminya magurudumu kwa vidole gumba. Aliuvuta ule ukanda mnene wa ngozi uliozungusha gurudumu la nyuma, akaukunja kidogo kutazama kama una ufa. Na muda wote huo midomo yake ilikuwa ikichezacheza. Mimi nilimtazama nikiwa nimejificha nyuma ya pipa la maji, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba anasoma dua. Niliamini ndani ya lile tumbo la chuma amefungwa jini, na kwamba Mjomba humtuliza kila siku kwa maneno anayoyajua yeye peke yake, ili asije akamtupa njiani. Nilipomwamkia, "Shikamoo, Mjomba," hakunijibu mpaka amalize. Ndipo aliposema, "Marahaba, Zuhura. Sogea mbali na hilo bomba, lina moto." Nami nikasogea, kwa heshima ya jini.

Alikuwa mtu wa masharti mengi. Hakupanda akiwa na kanzu isiyofungwa pindo. Kila penye kona alibonyeza honi, ile yenye kichwa cha mpira, hata kama hakukuwa na kiumbe. Akiona ng'ombe upande mmoja wa njia, alipunguza mwendo hadi akawa kama anatembea, kwa sababu alisema ndama wake yuko upande wa pili na atamfuata mama yake bila kutazama. Wala hakumpakia mtoto. Mdogo wangu Nasoro, aliyekuwa bado hajaota meno yote ya ukubwa, alimlilia mpaka akachoka. Mjomba alimwambia, "Ukiwa na miguu ya kufika chini, njoo."

Baba hakuyapenda masharti hayo. Baba yangu, Saidi, alikuwa mjukuu wa mtu aliyetoka Omani, na minazi iliyotuzunguka ilikuwa yetu. Watu walisimama alipopita. Alikuwa mkarimu na mwepesi wa kucheka, lakini hakuzoea kuambiwa ngoja. Tangu tukutuku lianze kulala uani kwetu, alilizunguka kila jioni akiwa amefunga mikono nyuma. Mwishowe alimwomba Mjomba amfundishe, na Mjomba akamfundisha katika uwanja wa kuanikia nazi, akikimbia pembeni yake huku ameshika kiti. Baba alijifunza kwenda. Kusimama alikuwa bado anajifunza.

Ikakaribia Idi. Baba akawa na nia moyoni: siku hiyo aende uwanja wa sala juu ya tukutuku, joho lake likipeperuka, Nasoro akiwa mbele yake. Alimwambia mama, na mama akamwambia kaka yake. Siku ya kumaliza mfungo Mjomba alilifungua gurudumu la nyuma na kuitoa ngozi ya breki, iliyokuwa imekwisha kabisa, nyembamba kama ganda la kitunguu. Akakata nyingine kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe, akaibana chini ya jiwe ikauke na kushika umbo, na gurudumu akalirudisha bila breki.

Asubuhi ya Idi niliamka mapema kwa ajili ya nguo mpya. Nilipotoka uani nilimkuta baba amesimama na joho lake jeusi, na Mjomba amesimama mbele ya tukutuku kana kwamba anaziba mlango.

"Breki haipo, shemeji," Mjomba alikuwa akisema. "Ngozi haijakauka. Niachie hadi adhuhuri."

"Sala haingoji adhuhuri."

"Basi tutembee. Si mbali."

"Nimeshawaambia watu," baba alisema. Alijaribu kuliwasha, yaani alilisukuma huku akikimbia kama alivyofundishwa, lakini halikuwaka. Alisukuma tena. Jasho likaanza kumtoka chini ya kilemba. Ndipo alipoinama akaona kwamba juu ya kichwa cha injini, pale panapoingia kile kijiti cha kutolea cheche, pana tundu tupu.

"Plagi iko wapi, Kombo?"

Mjomba aliweka mkono juu ya mfuko wa koti lake.

Baba alizungumza polepole, sauti ya chini, ile tuliyoiogopa kuliko kelele. "Unalala kwangu. Unakula kwangu. Na siku ya Idi, mbele ya mke wangu na wanangu, unanifanya mtoto."

"Sikufanyi mtoto, shemeji. Chombo hakina breki."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vitumbua. Alimtazama mumewe, akamtazama kaka yake. Kutoka nje tulisikia watu wameanza kupita, wakileta takbiri. "Mpe, kaka," mama alisema. "Usituharibie sikukuu. Ataenda taratibu."

Mjomba akatoa plagi mfukoni, akaipuliza vumbi na kuifunga mwenyewe kwa spana. Aliikaza vizuri. Hata katika hali ile hakuweza kuiacha nati nusunusu. "Usimchukue mtoto," alisema bila kuinua uso. Lakini Nasoro alikuwa ameshanyanyua mikono, na baba alikuwa ameshamshika kwapani.

Walitoka kwenye lango letu vizuri. Hilo nataka lijulikane, maana waliosimulia baadaye walisema baba alianguka mlangoni. Nilikimbia nyuma yao pamoja na watoto wengine, na baba alikuwa amenyooka, na joho lilipeperuka kama alivyotaka, na Nasoro alikuwa akicheka kwa sauti. Njia inateremka kidogo baada ya nyumba ya mwisho. Ukitembea huhisi kama ni mteremko. Niliona ng'ombe mwekundu upande wa kushoto, amefungwa kwenye mnazi, anakula majani. Nikamwona na ndama wake upande wa kulia.

Baba aliona wakati mmoja na mimi. Niliuona mkono wake ukivuta breki, ukivuta tena. Tukutuku halikupunguza kitu. Ndama alikuwa katikati ya njia. Baba akapinda usukani, wakaingia kwenye mchanga laini, na chombo kikawatupa kwenye kisiki cha mnazi.

Baba aliinuka. Bega moja lilikuwa limeshuka chini ya jingine, na shavu lilikuwa limechunika. Nasoro hakuinuka. Mguu wake ulikuwa umejikunja mahali ambapo hapana kiungo, na damu ilikuwa ikiloweka suruali yake mpya, na alikuwa kimya. Ule ukimya ndio ulionitisha. Nasoro alikuwa mtoto wa kulia kwa mwiba.

Walimbeba hadi nyumbani juu ya ubao wa mlango. Mama alifunga kanga juu ya goti akaivuta kwa meno, damu ikapungua lakini haikukoma. Mganga wa kuunga mifupa alikuwapo kijijini, alikuja, akatazama mfupa uliotokeza, akasema huu si wa kwake. Daktari alikuwa Kilindoni, Mhindi wa jeshi aliyeachwa pale kwa ajili ya askari. Kijana mmoja mwenye mbio alitumwa kwa miguu papo hapo. Na watu wote wakageuka kumtazama Mjomba.

Walikuwa wamelikokota tukutuku hadi uani. Gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama sahani iliyokaa juani, na ukanda ulikuwa umechomoka. Mjomba alilipindua, akakaa chini, akaanza kufungua nati.

"Liendeshe hivyo hivyo," mtu mmoja alisema.

"Halitafika."

"Litafika nusu ya njia. Utakimbia iliyobaki."

Mjomba alilitoa gurudumu, akalilaza juu ya kizingiti, akaanza kuligonga kwa nyundo ya mbao, akiligeuza kidogo, anagonga, anatazama, anageuza. Kutoka chumbani nilimsikia mama akimwita Nasoro jina lake, tena na tena, kama mtu anayemwita mtoto aliyeko mbali shambani. Baba alikuwa amekaa ukutani, amelishika bega lake. Mjomba alipomaliza gurudumu nilidhani sasa anakwenda. Badala yake alikwenda kwenye lile jiwe, akachukua ngozi ya breki iliyokuwa imebanwa pale, akaanza kuipigilia misumari midogo, mmoja baada ya mwingine.

Mama alitoka. Kanga yake ilikuwa imelowa hadi kifuani. "Kombo," alisema. "Mwanangu anakwisha. Wewe unashona."

"Nikienda bila breki sitarudi na daktari, dada. Nitakuwa mtu wa pili wa kubebwa."

"Nenda."

"Naenda."

Lakini hakwenda. Alipigilia msumari mwingine. Nilimchukia wakati ule kwa chuki ambayo sikujua kama mtoto anaweza kuwa nayo. Nilimsogelea, karibu kuliko nilivyowahi kusogea, kwa sababu nilitaka angalau niisikie ile dua yake. Nilijiambia kwamba kama kuna saa ya kumwomba jini yule, ni hii. Nami ningeishika dua ile na kwenda kumsomea Nasoro. Mjomba alikuwa ameshafunga gurudumu na sasa anapapasa kuanzia mbele hadi nyuma, midomo inachezacheza kama kawaida. Nikatega sikio.

"Nati ya mbele, imekaza," alikuwa akinong'ona. "Mpira, una upepo. Waya wa breki, umeshika. Ukanda, hauna ufa. Mafuta, yapo. Nati ya nyuma, imekaza."

Hayo tu. Hakukuwa na jini, wala dua. Nilisimama pale na nguo zangu za Idi nikahisi dunia imenitupa. Kumbe siku zote zile alikuwa akihesabu vyuma.

Aliwasha, likawaka mara ya kwanza. Akafunga pindo la kanzu. Akapita katikati ya watu kwa mwendo wa mtu anayesindikiza bibi harusi, na alipofika kwenye kona ya kwanza akabonyeza honi. Nilimsikia akibonyeza kwenye kona ya pili. Kila honi niliyoisikia ikififia kuelekea kusini ilikuwa kama tusi kwangu. Nilidhani mtu anayempenda mpwa wake angekwenda kama risasi.

Sitasimulia yote ya kungoja. Mama alikuwa akimtia Nasoro maji mdomoni kwa pamba. Mtoto alikuwa akiamka, anauliza kama sala imekwisha, kisha anazama tena. Baba aliingia mara moja chumbani, akasimama miguuni pa kitanda, na mama hakumtazama. Akatoka. Vitumbua vilikuwa bado kwenye sinia, vimejaa sisimizi, na hakuna aliyekumbuka kuvitupa.

Jua lilikuwa limeinama lakini bado kali tuliposikia honi. Ilikuwa mbali sana. Ikanyamaza, ikasikika tena, karibu zaidi, katika kona ileile alipoibonyeza wakati wa kwenda. Nilikimbia hadi langoni. Mjomba alikuwa amepakwa vumbi hadi kope zimekuwa nyeupe, na nyuma yake daktari, mtu mwembamba mwenye miwani, alikuwa ameshika mkoba kwa mkono mmoja na kiuno cha Mjomba kwa mwingine. Yule kijana aliyetumwa kwa miguu walikuwa wamempita kwenda na kurudi.

Daktari alifunga mlango akabaki ndani na mama kwa muda mrefu. Harufu kali tamu ya dawa ya usingizi ilitoka chini ya mlango. Alipotoka alikuwa amekunja mikono ya shati. Alisema mtoto ataishi. Mguu utakuwa mfupi kidogo, alisema, lakini utakuwa mguu. Kisha akaomba maji, akanywa, na akamgeukia Mjomba akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Njiani nilimwambia huyu aende mbio. Yeye akaniambia nishike vizuri. Basi." Akatabasamu. Hakuna aliyejua kama anamsifu au anamlaumu.

Halafu akasema jambo jingine, bila kujua uzito wake. "Usisahau kesho. Bwana mkubwa wa boma anakungoja. Mali ya serikali kuangushwa, hakufurahi."

Baba aliinua kichwa. "Anangojewa kwa lipi?"

Mjomba alikuwa akifuta usukani kwa kitambaa. "Aliona gurudumu limegongwagongwa. Akauliza limefanya nini. Nikamwambia limeanguka."

"Hukumwambia aliyekuwa juu yake."

"Hakuuliza."

"Watu huchapwa kwa hilo, Kombo."

"Mgongo unapona, shemeji."

Baba alimtazama. Nadhani alikuwa akingoja Mjomba aseme lililobaki, lile ambalo kila mtu uani pale alikuwa nalo mdomoni. Mjomba hakulisema. Alikikunja kile kitambaa akakiweka mfukoni, akaenda kumletea daktari chakula.

Asubuhi, baba alivaa kanzu bila joho. Bega lake lilikuwa limefungwa kwa kitambaa na daktari, aliyebaki kwetu siku ile kumwangalia Nasoro. Mjomba alipolikokota tukutuku kwenda langoni, baba alikuwa ameshatangulia njiani kwa miguu, ameelekea Kilindoni. Mjomba alimwita. Baba hakugeuka. Mwisho wake Mjomba hakupanda kabisa. Alilisukuma chombo kile pembeni ya baba, mwendo wote ule, kwa sababu, alituambia baadaye, hakuona vipi angempita.

Tulishinda siku nzima bila kujua nani atarudi na katika hali gani. Mama hakukaa. Alifagia ua uliokwishafagiliwa. Walipotokea, wote wawili wakiwa wima, alijishika kwenye nguzo ya baraza. Baba aliketi, akavua viatu, akatazama malengelenge yake.

"Nimepewa barabara," alisema.

Bwana mkubwa alikuwa amemsikiliza, kisha akamwambia kwamba kwa kuwa mteremko ule una mchanga wa kuangusha vyombo vya serikali, basi yeye aliyeugundua ataungana na watu wa boma kuujaza kifusi, bega likishapona. Mjomba aliachiwa kazi yake. Mama aliposikia aliingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu Idi nilimsikia akilia. Kisha akatoka na maji ya moto kwenye beseni, akapiga magoti, akamwosha baba miguu.

Baba alikwenda barabarani kweli. Mtu ambaye sikuwahi kumwona ameshika jembe alilishika mbele ya watu waliokuwa wakisimama anapopita, na wengine wao walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo kwa lazima ya boma. Siku za mwanzo walimwonea haya, wakampa mahali penye kivuli. Hakupakubali. Mimi nilipewa jukumu la kumpelekea chakula cha mchana, na nilitembea nikitazama chini ili nisione nani ananitazama.

Mchana mmoja nilikuwa nimefika na kikapu kichwani niliposikia honi kwenye kona. Watu walinyanyua majembe wakasogea pembeni na kufunika nyuso kwa vitambaa, maana tukutuku likipita hapaonekani kitu kwa vumbi. Baba naye alisogea, lakini hakufunika uso. Alisimama tu, ameegemea jembe, anatazama kifusi.

Mjomba alitokea kwenye kona akawaona. Hapo hapo akazima injini. Akashuka, akafunga pindo lake vizuri, akaanza kulisukuma tukutuku kwa miguu, taratibu, akipita mbele ya watu wale wote, na halikuinuka hata chembe ya vumbi. Jua lilikuwa utosini, na chombo kile kilikuwa kizito kama ng'ombe. Alipofika usawa wa baba alisema, "Salaam aleikum, shemeji," na baba akaitikia. Akaendelea kusukuma hadi mwisho wa mteremko, mbali kupita mtu wa mwisho, ndipo akawasha.

Baba alisikiliza mpaka mlio ukapotea. Kisha akanipokea kikapu, akakaa chini palepale kwenye mchanga pamoja na wale watu, akafunua chakula, akawaambia wasogee, wote wapate kula.